Jaji Khanna alipoteza nini, na hukumu yake ya mtu mmoja ilifanya kazi gani?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, hapa Mombasa. Katika sheria ya katiba tumesomeshwa kesi ya India ya mwaka 1976 ambamo majaji wanne walisema mtu aliyewekwa kizuizini hawezi kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na jaji mmoja tu, Hans Raj Khanna, akakataa. Wenzangu wanasema alifukuzwa kazi kwa ajili hiyo, kwamba alikuwa mpinzani wa serikali tangu zamani na ndiyo maana baadaye aliwania urais, na kwamba hukumu ya jaji aliyezidiwa kura si sheria, kwa hiyo alijiponza bure. Nilikuwa na ndoto ya kuwa hakimu na hatimaye jaji, lakini sasa nasitasita. Isitoshe, mwaka jana binamu yangu alishikiliwa kituoni siku kadhaa bila kufikishwa mahakamani, na hatukujua pa kwenda. Kama mahakama ya juu kabisa ya nchi kubwa kama India iliinamisha kichwa, hizi sheria tunazokariri zina faida gani?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: Khanna alikuwa mtu wa namna gani, hukumu ya jaji aliyezidiwa kura ina kazi gani, na wewe ufanye nini na ndoto yako. Kuhusu binamu yako nitasema mwishoni, kwa kuwa hilo halihitaji nadharia ndefu. Naanza na mtu mwenyewe, kwani hadithi mnayosimuliana darasani ina makosa ya tarehe na ya mambo yenyewe, na ni makosa hayo hasa yanayokutia unyonge.

Khanna alizaliwa Amritsar, katika jimbo la Punjab, tarehe 3 Julai 1912, mtoto wa wakili aliyeshiriki pia harakati za kudai uhuru. Alisoma vyuo vya hapo hapo Amritsar, kisha akasomea sheria Lahore, mji ambao mgawanyiko wa mwaka 1947 uliuacha upande wa Pakistan. Alifanya uwakili mjini kwao mpaka mwaka 1952 alipoteuliwa kuwa jaji wa wilaya, akazunguka katika vituo vya kazi kama Ferozepur, Ambala na Delhi, akisikiliza kesi ambazo magazeti hayaziandiki. Mwaka 1962 akapandishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Punjab. Mahakama Kuu ya Delhi ilipoanzishwa mwaka 1966 akahamia huko, na mwaka 1969 akawa Jaji Mkuu wa mahakama hiyo. Hapo usichanganyikiwe: India kila Mahakama Kuu ina Jaji Mkuu wake, na juu yao wote yupo Jaji Mkuu wa India anayeongoza Mahakama ya Juu. Khanna aliingia Mahakama ya Juu Septemba 1971.

Nakusihi uiangalie vizuri ile miaka kumi ya wilayani. Wasimulizi wengi huiruka ili wafike haraka kwenye ushujaa wa 1976, na mimi nadhani wanaruka kiini. Jaji wa wilaya ndiye anayewaona mashahidi kwa macho yake, anayemsikia askari akieleza jinsi mtuhumiwa alivyokamatwa, anayeshika mkononi daftari la kituo na kuona kama saa zilizoandikwa zinalingana na maelezo. Mtu aliyeifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka hahitaji kuelezwa kinachoweza kutokea mtu anaposhikiliwa mahali ambapo hakuna wa kuuliza. Utaona hilo tukifika kwenye swali alilomuuliza Mwanasheria Mkuu.

Sasa dai la kwanza la wenzako, kwamba alikuwa mpinzani wa serikali tangu zamani. Rekodi yake inasema vingine. Chukua kesi kubwa ya Kesavananda Bharati, iliyosikilizwa kwa siku 68 na jopo la majaji 13 na kuamuliwa tarehe 24 Aprili 1973. Mlalamikaji alikuwa kiongozi wa kidini wa Kerala aliyetaka kulinda ardhi ya taasisi yake dhidi ya sheria za kugawa ardhi, na swali lilikuja kuwa kubwa kuliko ardhi: je, Bunge linaweza kubadilisha katiba liwezavyo? Majaji sita waliona kuwa mamlaka ya Bunge yana mipaka inayolinda haki za msingi, sita wakaona kuwa hayana mipaka, na Khanna akasimama katikati. Alisema Bunge lina mamlaka mapana sana ya kubadilisha katiba, hata katika haki ya kumiliki mali, ila haliwezi kuubomoa muundo msingi wa katiba yenyewe. Kura yake ndiyo iliyogeuza matokeo kuwa saba kwa sita. Kwa wenye ardhi zao, huyu hakuwa rafiki hata kidogo. Serikali ilipata kwake karibu kila ilichotaka katika sera zake za ardhi na uchumi.

Karibu kila kitu, isipokuwa kimoja. Katika marekebisho yaliyokuwa mbele yao kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba serikali ikishatamka kuwa sheria fulani inatekeleza sera za ugawaji wa mali, hakuna mahakama itakayoruhusiwa kuuliza kama kweli inatekeleza. Kipande hicho Khanna alikifuta. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ushindi wa Waziri Mkuu Indira Gandhi katika uchaguzi wa ubunge, na Bunge likapitisha haraka marekebisho yaliyouweka uchaguzi wa Waziri Mkuu nje ya mikono ya mahakama. Novemba 1975 Khanna alikuwa miongoni mwa majaji waliokifuta kipengele hicho, ingawa Mahakama hiyo hiyo ya Juu ilimpa Indira Gandhi ushindi katika rufaa yake. Ukiziweka hukumu hizi pamoja na ile ya 1976, unaona mtu wa msimamo mmoja tu: sera aliwaachia wanasiasa, lakini kila walipojaribu kufunga mlango wa mahakama kwa kufuli, alikataa. Huo si upinzani wa kisiasa. Ni msimamo wa kikazi, wa mtu anayejua mipaka ya ofisi yake na pia anajua ofisi hiyo ipo kwa ajili ya nini.

Kuhusu urais, tarehe zenyewe zinamaliza mjadala. Aliwania mwaka 1982 kama mgombea wa vyama vya upinzani, akashindwa na Zail Singh, na hiyo ilikuwa miaka sita baada ya hukumu. Jambo la 1982 haliwezi kuwa sababu ya jambo la 1976. Kabla ya hapo, mwaka 1979, alikubali kuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Charan Singh, akajiuzulu baada ya siku tatu tu. Kwa maoni yangu siasa haikumfaa, na sioni haja ya kuificha sehemu hiyo ya maisha yake ili apendeze zaidi.

Tuje kwenye kesi yenyewe, ile inayojulikana kwa jina la ADM Jabalpur dhidi ya Shivkant Shukla. Usiku wa tarehe 25 Juni 1975 India ilitangaziwa hali ya hatari. Siku mbili baadaye ikatoka amri ya Rais iliyosimamisha haki ya mtu yeyote kwenda mahakamani kudai ulinzi wa vifungu vya 14, 21 na 22 vya katiba, yaani usawa mbele ya sheria, uhai na uhuru wa mtu, na ulinzi wa anayekamatwa. Viongozi wa upinzani, waandishi, wanafunzi na wengine wengi, zaidi ya watu 100,000 kwa jumla katika kipindi chote hicho, waliwekwa ndani, wengi wao kwa sheria ya usalama wa ndani ya mwaka 1971 iliyoruhusu kumshikilia mtu bila kumfungulia mashtaka. Baadhi yao walikwenda Mahakama Kuu za majimbo kuomba amri ya habeas corpus, ile amri inayomtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aonyeshe ni kwa sheria ipi anamshikilia. Mahakama Kuu tisa zilisema maombi hayo yanaweza kusikilizwa. Serikali ikakata rufaa, na jopo la majaji watano likaketi: Jaji Mkuu A. N. Ray, H. R. Khanna, M. H. Beg, Y. V. Chandrachud na P. N. Bhagwati.

Zingatia swali lilikuwa nini, maana wengi hulikosea hata kwenye mtihani. Halikuwa kama wafungwa hao walikuwa na hatia au la, wala kama hali ya hatari ilikuwa ya haki. Swali lilikuwa kama jaji ana ruhusa ya kuuliza chochote. Hoja ya serikali, ukiitazama kama mwanasheria, haikuwa ya kijinga, na ndiyo maana iliwabeba majaji wanne wenye akili. Ilikwenda hivi: haki ya uhai na uhuru inatoka kwenye kifungu cha 21, katiba yenyewe inaruhusu utekelezaji wa kifungu hicho usimamishwe wakati wa hatari, umeshasimamishwa, basi mtu anayekuja mahakamani anadai kitu ambacho kwa sasa hakina nguvu, na ombi lake litupwe mlangoni bila kuangalia kama aliyemkamata alifuata sheria, alimfananisha na mtu mwingine, au alikuwa na kisasi naye.

Khanna aliinasa hoja hiyo mahali ilipokuwa inaficha uchi wake. Alimuuliza Mwanasheria Mkuu, Niren De, kwamba kama afisa wa polisi, kwa uadui wake binafsi, akimuua mtu, je, kutakuwa na njia yoyote ya mahakama? De akajibu kwa uaminifu wa kikazi ambao mpaka leo unashangaza: kwa kufuata hoja yake, alisema, hakuna njia yoyote maadamu hali ya hatari ipo, jambo hilo linaweza kuishtua dhamiri ya majaji, na linaishtua yake pia, lakini hivyo ndivyo hoja inavyokwenda. Mtu aliyewahi kuwa jaji wa wilaya ndiye anayeuliza swali kama hilo. Hakuuliza juu ya falsafa ya dola. Aliuliza juu ya askari mmoja, mwananchi mmoja na uadui mmoja.

Mahakama ilitoa uamuzi tarehe 28 Aprili 1976, wanne kwa mmoja. Katika hukumu za wengi kuna maneno ambayo waandishi wake walikuja kuyalipia kwa heshima zao. Jaji Beg aliandika kwamba walioko kizuizini wanalala vizuri, wanakula vizuri na wanatunzwa kwa namna inayokaribia malezi ya mama. Wakati anaandika hivyo, mwanafunzi wa chuo cha uhandisi cha Calicut, kijana aliyeitwa Rajan, alikuwa amekwisha kuchukuliwa na polisi wa Kerala, tarehe 1 Machi 1976, na baba yake, Eachara Varier, mwalimu wa chuo, alikuwa anazunguka ofisi moja hadi nyingine akiuliza mwanawe yuko wapi. Aliweza kufungua ombi la habeas corpus mwaka 1977 tu, hali ya hatari ilipokwisha. Serikali ya jimbo kwanza ilisema haikuwahi kumshikilia kijana huyo. Baadaye ikabidi ikiri kwamba alifia mikononi mwa polisi. Mwili haukupatikana kamwe, na Karunakaran, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa jimbo wakati wa tukio na waziri kiongozi wakati wa ombi hilo, akajiuzulu. Nimelitaja hili ili uone lile swali la Khanna halikuwa la kubuni. Mtu wa aina aliyokuwa anamuulizia alikuwepo, na ombi moja la kurasa chache mbele ya jaji mwenye ruhusa ya kuuliza lilitosha kuifanya serikali ibadilishe kauli yake.

Hoja ya Khanna yenyewe ni ya kiufundi, na ndiyo sababu imedumu. Alisema kwamba kifungu cha 21 si chemchemi pekee ya haki ya kuishi na kuwa huru. Hata kabla katiba haijaandikwa, hakuna mtawala katika nchi inayofuata sheria aliyeweza kumnyang'anya mtu uhai au uhuru wake bila idhini ya sheria. Kwa hiyo ukisimamisha kifungu cha 21, hujampa afisa ruhusa ya kuvunja sheria ile ile anayodai kuitumia. Sheria ya kizuizini ina masharti yake, na mahakama ina haki ya kuangalia kama yametimizwa. Ona jinsi alivyojizuia: hakusema sheria ya kizuizini ni batili, hakusema hali ya hatari ni haramu, hakusema wafungwa wote waachiwe. Alidai kitu kidogo kabisa ambacho jaji anaweza kudai akabaki jaji, yaani ruhusa ya kuuliza kama sheria imefuatwa. Mwishoni akanukuu maneno ya Charles Evans Hughes, Jaji Mkuu wa Marekani wa zamani, kwamba hukumu ya kutofautiana katika mahakama ya mwisho ni rufaa inayopelekwa kwenye akili za siku zijazo.

Je, alifukuzwa? La. Kumfukuza jaji wa Mahakama ya Juu ya India kunahitaji utaratibu mzito wa Bunge, na hakuna aliyeuanzisha. Kilichotumika ni njia ya kimya zaidi. Kwa desturi, Jaji Mkuu wa India anapostaafu, anayefuata kwa ukongwe mahakamani huchukua nafasi yake. Ni desturi, haimo katika maandishi ya katiba. Desturi hiyo ilikuwa imeshavunjwa mara moja, siku chache tu baada ya kesi ya Kesavananda, pale Ray alipoteuliwa na kuwaruka majaji watatu waliomtangulia, Shelat, Hegde na Grover, ambao wote walikuwa wamehukumu dhidi ya serikali. Kwa hiyo mwaka 1976 Khanna hakuwa na kisingizio cha kutojua bei. Ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba, kabla hukumu haijasomwa, alimwambia dada yake walipokuwa Haridwar kwamba ameandaa hukumu itakayomgharimu cheo cha Jaji Mkuu. Na ndivyo ilivyokuwa: Ray alipostaafu mwisho wa Januari 1977, cheo alipewa Beg, aliyeingia mahakamani baada ya Khanna, na Khanna akajiuzulu.

Sasa fanya hesabu ambayo sidhani kama mmeifanya darasani. Majaji wa Mahakama ya Juu ya India hustaafu wakiwa na miaka 65. Khanna angefikisha umri huo Julai 1977. Cheo alichokosa kilikuwa cha miezi mitano na siku chache. Sisemi ni kidogo kwa mtu aliyeanzia wilayani na kufika nafasi moja tu kutoka kileleni. Nasema tu kwamba kilichopotea hakikuwa riziki, wala uhuru, wala jina. Waliolipa zaidi hawana picha ukutani. Mwaka 1976 majaji 16 wa Mahakama Kuu walihamishwa kutoka majimbo yao kwenda majimbo mengine, na wengi waliitazama hatua hiyo kama adhabu kwa mahakama zilizothubutu kuwasikiliza wafungwa. Kwa hiyo pia si sahihi kusema Khanna alikuwa peke yake. Alikuwa peke yake katika chumba kile. Nje ya chumba, mahakama tisa zilikuwa zimesema jambo linalokaribiana na lake.

Wenzako wako sawa katika jambo moja, na uaminifu unanitaka nilikubali. Hukumu ya Khanna haikumtoa ndani hata mtu mmoja siku ile. Wafungwa walitoka kwa sababu Indira Gandhi mwenyewe aliitisha uchaguzi Januari 1977, akashindwa mwezi Machi, na hali ya hatari ikaondolewa tarehe 21 mwezi huo huo. Hiyo ilikuwa kazi ya wapiga kura. Kazi ya hukumu ilianza baadaye, wakati wa kukarabati. Bunge jipya lilipokaa kurekebisha katiba mwaka 1978, halikuwa na haja ya kubuni upya tatizo lilikuwa wapi. Lilikuwa limeandikwa, kwa sababu zake na mifano yake. Marekebisho ya 44 yakaweka kwamba hata katika hali ya hatari kifungu cha 21 hakisimamishwi. Nayo Mahakama ya Juu, tarehe 24 Agosti 2017, katika jopo la majaji tisa kuhusu haki ya faragha, iliifuta rasmi hukumu ya wengi ya 1976 na kusema Khanna ndiye aliyekuwa sahihi. Hukumu kuu ya siku hiyo iliandikwa na D. Y. Chandrachud, mtoto wa yule yule Y. V. Chandrachud wa mwaka 1976.

Hukumu ya jaji aliyezidiwa kura basi hufanya kazi kama kivuko kilichojengwa kabla ya barabara: leo hakimpeleki mtu popote, lakini siku barabara itakapokatwa, wajenzi hawaanzi na mto. Ila si kila hukumu ya namna hiyo inafika huko. Nyingi hufa makabatini, na baadhi zinastahili kufa. Iliyoandikwa kwa hasira, au kwa kupigiwa makofi na magazeti, haina cha kumpa jaji wa miaka 40 baadaye, kwa sababu yeye anatafuta hoja anayoweza kuisimamisha mbele ya mawakili.

Je, Khanna angeweza kufanya vingine? Angeweza kujiuzulu kabla ya hukumu, na dunia ingemsifu kwa wiki moja, lakini leo pasingekuwa na maandishi ya kurejea. Angeweza pia kujiunga na wengi kwa hoja kwamba mahakama ikigongana na serikali yenye nguvu itavunjwa yote, na ni heri ijihifadhi mpaka dhoruba ipite. Usiidharau hoja hiyo. Majaji wengi waadilifu, katika nchi nyingi, wamewahi kuitafakari usiku. Bhagwati alikuwa upande wa wengi, na miaka iliyofuata aliwafungulia maskini mlango wa mahakama kuliko karibu jaji yeyote wa nchi ile, kwa kukubali maombi ya watu wasio na wakili, hata yaliyoandikwa kwa barua. Yeye na Chandrachud wote walifika kwenye cheo cha Jaji Mkuu. Mwaka 2011 Bhagwati aliomba radhi hadharani kwa hukumu ile. Ukimpima kwa maisha yake yote, si mtu mbaya. Ninachokisema mimi ni kwamba mahakama inayojihifadhi kwa kuacha kazi yake moja muhimu haijahifadhi kitu cha maana, na kwamba katika kesi ile Khanna alikuwa sahihi kisheria, mbali na kuwa jasiri. Ingekuwa alikosea kisheria, ujasiri wake usingemsaidia.

Baada ya kujiuzulu alikataa kuongoza tume ya kuchunguza maovu ya kipindi kile, kwa kuwa angeonekana analipa kisasi; akaongoza badala yake Tume ya Sheria. Picha yake ilitundikwa katika Chumba Namba 2 cha Mahakama ya Juu, kile alichokuwa akiketi, akiwa bado hai. Alifariki Februari 2008 akiwa na miaka 95. Mpwa wake, Sanjiv Khanna, alishika cheo cha Jaji Mkuu wa India Novemba 2024 hadi Mei 2025, muda wa miezi sita, na hapo sitaongeza neno.

Yote haya yanakuhusu wewe uliye Mombasa kwa njia mbili zilizo wazi. Kwanza, mafundisho ya muundo msingi yaliyotokana na kura ya Khanna yalivuka bahari. Katika kesi ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba ya Kenya, Mahakama Kuu ya Kenya na Mahakama ya Rufani ziliyakubali mwaka 2021, na Mahakama ya Juu ikayakataa tarehe 31 Machi 2022. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo iliyakataa mwaka 2010 katika kesi ya Mchungaji Mtikila. Zisome zote, usikariri matokeo tu. Pili, katiba yenu ya mwaka 2010 imelifunga lile tundu la ADM Jabalpur kwa maandishi: kifungu cha 25 kinataja haki ya kupata amri ya habeas corpus miongoni mwa haki nne zisizoweza kuwekewa mipaka kwa hali yoyote. Faida ya "sheria mnazokariri" ni hiyo. Mtu fulani aliwahi kuumia, mwingine akaandika kwa nini, na wa tatu akaweka kifungu.

Kuhusu ndoto yako, sitakushawishi kwa kukupa shujaa wa kuiga. Kama unataka uhakimu ili siku moja usimame peke yako mbele ya dunia, achana nao, kwa sababu huenda siku hiyo isifike, na miaka 25 ya kesi za wizi wa mbuzi, matunzo ya watoto na mipaka ya viwanja itakuchosha. Lakini kama unaona raha katika kuuliza "umemkamata saa ngapi, na kwa sheria ipi," kazi hiyo inakufaa. Usinisikilize mimi tu niliye mbali. Nenda ukakae katika mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe, kwenye viti vya nyuma, asubuhi ya siku ambayo washtakiwa wapya wanasomewa mashtaka, na uende zaidi ya mara moja. Kisha mwombe mhadhiri wako akukutanishe na hakimu au jaji mstaafu, umuulize ana kwa ana kuhusu uhamisho, upweke, mshahara na vitisho. Hayo hayajibiwi vizuri kwa barua.

Na binamu yako. Kama kuna mtu wa kwenu anashikiliwa sasa hivi, acha kusoma hapa na umwone wakili leo, si kesho. Kifungu cha 49 cha katiba ya Kenya kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 tangu kukamatwa. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi au katika siku isiyo ya mahakama, basi afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Andikeni siku na saa aliyokamatwa, kituo alichopelekwa, majina au namba za maafisa mliozungumza nao, na mlichojibiwa kila mlipouliza. Karatasi hiyo ndiyo wakili atakayoanza nayo, kwa sababu ombi la habeas corpus huambatana na kiapo chenye maelezo kama hayo. Familia isiyo na uwezo wa kumlipa wakili iende kwenye ofisi za msaada wa kisheria, kama vile Kituo cha Sheria, au iulize katika masjala ya Mahakama Kuu. Kwa yaliyopita mwaka jana, njia haijafungwa pia: kushikiliwa kinyume cha sheria kunaweza kudaiwa fidia, lakini madai kama hayo yana muda wake, kwa hiyo mpelekeni binamu yako mwenyewe akamwone wakili wiki hii, na kumbukumbu zozote mlizonazo za siku alizolala kituoni.